Karatasi ya "ukipasula unalipa" haiko juji

Kuko mama moja wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, aliniandikia juu niko avoka, na mbele ya kumujibu minaweka maneno yake hapa, nimeikata kidogo tu juu ilikuwa murefu:

"Metre, jambo. Nilienda mu magazini moja ya mu ville kununua mafuta na sabuni, niko na mutoto ku mugongo na mwengine wa miaka 4 ku mukono. Mu rayo ya vyombo bitu bilijaa mpaka chini, kuko makarto katikati ya njia, na juu ya makarto balipanga servisi za chai. Kugeuka nimuite mutoto, sakoshi yangu ikashika servisi moja ikaanguka, teyeri (birika ya chai) ikapasuka na vikombe 2. Jera (mwenye kusimamia magazini) akakuja mbio, akanionyesha karatasi ku ukuta yenye inasema 'ukipasula unalipa', akasema nilipe dola 40 ya servisi muzima na tena dola 10 ya amande (faini). Nilikuwa na dola 20 tu, akazikamata, akabakisha na karte yangu ya elekta (ya kuchagulia) mpaka nilete zingine. Bwana yangu anasema ata ile 20 sikupashwa kutoa. Mama mukwe anasema kitu ya mutu ni ya mutu, nilipe nitoke mu maneno. Wewe unasema nini? Na kama ingekuwa mutoto njo alipasula?"

Mama, jambo sana, na pole na ile haya ya kusemewa mbele ya batu. Nikupe jibu kwanza alafu nieleze polepole: ndiyo kuko sehemu ya ile hasara yenye ni yako, lakini haifiki dola 40 na minaona ile 20 yenye ulitoa imeshaimaliza, amande haiko kabisa, na karte yako banapashwa kuirudisha leo leo ata kama ungekuwa haujatoa franga moja. Sasa ukamwambie bwana yako na mama mukwe kila mutu alipata kipande yake, basiendelee kugombana juu ya teyeri.

Tuanze na ile karatasi juu njo inatishaka batu. Iko mu magazini mingi sana ya Lubumbashi, ingine kwa Kifaransa ingine kwa Kiswahili, kuko na zenye baliandika na marker nyekundu kabisa, na mutu akiiona ku ukuta anawaza ni kama sheria, zaidi kama balipiga tampo juu. Haiko sheria. Ili mutu afungwe na makubaliano, Kode sivili yetu kitabu cha 3 inaomba bitu 4 mu artikle ya 8, na ya kwanza kabisa ni mutu mwenyewe akubali. Wewe uliingia kutafuta sabuni, hakuna mwenye alikuuliza kama unakubali kila kitu yenye itaanguka mu ile nyumba ihesabiwe juu yako, na kama angekuuliza ungegeukia ku mulango. Artikle ya 33 inasema makubaliano yenye ilifanywa vizuri inakuwa sheria kwa bale benye baliifanya, ni kweli na bajera bamoja banapenda kuitaja ile, lakini ni kwa bale benye BALIIFANYA, ukuta haifanyake makubaliano na mutu.

Ila usiitupe yote. Kama karatasi inasema "usiguse, uita muuzishaji" na wewe ukapandisha mukono ukashusha vazi ya kioo ikateleza, pale juji atakuuliza juu ya nini uligusa na ulionywa. Ile karatasi haikuletee deni yenyewe, lakini inaweza kusaidia kuonyesha kama haukuangalia. Njo kazi yake yote.

Sheria yenye inaongea kweli kweli juu ya maneno hii ni ya zamani, iko mu ile ile kitabu cha 3, dekre ya tarehe 30 Julai 1888, wakati inchi hii ilikuwa ingali ya Leopold II, na bale benye baliiandika hawakuhangaika sana, balichukua maneno ya Kode sivili ya Ufaransa ya 1804 karibu vile ilikuwa. Artikle ya 258 inasema kila tendo ya mutu yenye inaletea mwenzake hasara, ule mwenye kosa yake njo iliileta anapashwa kuitengeneza. Artikle ya 259 inaongeza: si kwa kile ulifanya tu, ata kwa uzembe wako na kwa kukosa busara. Kwa hiyo ukisikia mutu anasema "lakini sikufanya makusudi", ile peke haimuokoe, juu sheria haingoje makusudi, uzembe inatosha. Lakini na jera mwenye anasema "kama ni mukono yako njo iligusa basi ni wewe" naye anadanganya, juu sheria haiulize ni mukono ya nani iligusa, inauliza ni kosa ya nani ilileta. Hizi ni bitu 2 tofauti kabisa na kesi karibu zote za magazini zinachezea pale katikati.

Na mwenye anaomba alipwe njo anapashwa kuonyesha. Artikle ya 197. Aonyeshe kosa, aonyeshe hasara, aonyeshe kama ile kosa njo ilizaa ile hasara. Haiko wewe mama na mutoto ku mugongo unapashwa kuanza kuapa mbele ya mama wa kese kama hauna kosa.

Sasa kosa ilikuwa ya nani? Mutu anaomba bamutolee simu mu vitrini, anaishika na vidole 2 huku anajibu WhatsApp na mukono ingine, simu inaanguka kioo chini: kosa yake, alipe, hakuna kuzunguka. Vijana banasukumana mu rayo ya bia, chupa zinalala: kosa yao. Lakini mvua ya mwezi wa 12 inanyesha, batu baliingiza maji na viatu ku mulango, hakuna mutu wa kupangusa, hakuna ata karto chini, mama anateleza anakamata etajeri na etajeri inakuja naye? Pale magazini njo iko na deni ya kumupeleka ku opitali, si yeye iko na deni ya chupa. Ao SNEL, kampuni ya umeme, inakata moto saa 12 ya magaribi, jeneretere haijawaka, batu mu giza banapapasa kutafuta njia, kitu inaanguka. Mwenye aliachia bakiliya mu giza katikati ya bioo anajiuliza nini tena. Na kama kuko mutu alikusukuma, ule mwenye alisukuma njo munamutafuta, wewe ulikuwa tu njia yenye kosa yake ilipitia.

Kwa kesi yako, makarto katikati ya njia njo kila kitu. Rayo ni njia ya kupita, magazini inatuita tuingie, inajua tunakujaka na basakoshi, na batoto, na mimba, na babibi benye hawaone vizuri. Mwenye alipanga teyeri ya porseleni juu ya makarto fasi mama mwenye kubeba mutoto anapashwa kupita alijua itaanguka siku moja, hakujua tu itaanguka na nani. Usiseme ni kosa ya ule kijana wa depo mwenye alipanga, kijana alitumwa, na artikle ya 260 iko wazi kama mwenye kutuma mufanyakazi anajibu juu ya hasara yenye mufanyakazi analeta mu kazi yake, tena mutu anajibu juu ya bitu byenye anachunga. Kwa hiyo njia kujaa ni kosa ya magazini, yenyewe.

Na wewe? Nitakuwa mukweli juu hautanilipa nikudanganye. Uliona njia ni ndogo. Ulikuwa na sakoshi ku bega, mutoto ku mugongo, na ukageuka haraka. Avoka wa magazini atasema mutu mwenye busara angerudia nyuma ao angeomba bamuletee kitu. Minaona ile hoja iko na uzito kidogo, haiko mingi, juu mama akiona mutoto wa miaka 4 amemutoka mukono anageuka haraka, hakuna juji mwenye atakuomba ugeuke polepole. Pale makosa iko pande 2 juji anagawanya hasara, kila upande unabeba sehemu yake. Mimi ningesema nusu kwa nusu, na ata kama ningekuwa upande ya magazini ningeogopa juji aseme zaidi kwa magazini.

Sasa nusu ya nini? Hapa njo bajera banakulaka batu.

Dola 40 ni bei ya kuuzisha. Hasara haiko bei ya kuuzisha. Hasara ni kile kimemutoka kweli, na kutengeneza hasara ni kumurudisha fasi alikuwa mbele ya teyeri kuanguka, haiko kumupandisha juu kuliko pale. Ile servisi ilitoka Chine ao Dubai, ikashuka Dar, ikapita Tunduma, ikalala siku zake Kasumbalesa, ikalipiwa duane, ikafika depo. Tuseme byote pamoja ilimukalia dola 24 (minapiga mufano, fakitire iko kwake haiko kwangu). Ile 16 yenye imebaki ni benefisi. Je, benefisi ilipotea? Kama ku makarto kungali servisi ingine 11 sawa na ile, mukiliya mwenye atakuja kesho atanunua moja ya zile na magazini itapata benefisi yake vilevile, hakuna mutu alikosa kuhudumiwa juu yako. Ingekuwa ile njo ya mwisho, na mutu alikuwa ameshaiwekea avansi, pale ndiyo, benefisi nayo ilikufa na inaingia mu hesabu. Kuko baavoka benzangu benye banasema bei ya etikete njo kipimo rahisi na kila mutu anaiona, na mu kesi ya kitu kidogo minaelewa, hakuna mwenye atafungua kartable ya duane juu ya gilasi ya dola 1. Lakini kwa dola 40 ya mama mwenye alikuja kununua sabuni, hapana, aonyeshe fakitire. Na mu ile bei ya etikete kama magazini inalipaka kodi sawasawa kuko na TVA 16% ndani, na ile ni ya mauzisho, wewe hakuna kitu ulinunua.

Alafu kuko ingine yenye batu banasahauka: bipande byenye bilipona. Ulipasula teyeri na vikombe 2, kunabaki vikombe 4 na bisahani 6. Kama jera anasema servisi muzima imekufa juu hakuna mwenye atanunua servisi bila teyeri, sawa, inaweza kuwa kweli, lakini pale akikulipisha muzima ile yenye imebaki inatoka naye mu mukono yako, hawezi kukamata makuta ya servisi na kesho aweke vikombe 4 ku etajeri auzishe moja moja. Nimeona ile mara mingi na jera anakuangalia usoni.

Kwa hiyo 24, nusu ni 12. Ulitoa 20. Fanya hesabu. Ata tukikubali bei ya etikete yote 40, nusu ni 20 vile vile. Njo maana nimesema juu kabisa kama umemaliza.

Amande sitakawia. Amande ni ya serikali, inawekwa na sheria, inaingia mu kese ya leta na inatokaka na karatasi yake. Mutu wa magazini hana uwezo wa kutoza mutu amande, ata dola 1, ata kama aliiandika ku ukuta na herufi za dhahabu. Kama anasema ni ya kusafisha, kusafisha ni kazi ya ule mwenye analipwa kila mwezi kusafisha.

Karte ya elekta sasa, hii njo iliniuzi zaidi mu barua yako. Unajua wewe na mimi kama hapa kwetu ile karte njo kitambulisho yetu, bila yenyewe huwezi kutosha makuta ya mobile money, huwezi kupita vizuri ku barriere, ku banki banakuangalia tu. Ni papie ya Leta iko mu mukono yako, haiko gaji (rehani) ya jera. Hakuna sheria yenye inamupa ruhusa kuikamata. Ni sawa na simu, ni sawa na kiatu ya mutoto (cheka kama unataka, kuko mwenye alifanya). Kama anawaza uko na deni kuko njia: akuandikie, akuite ku tribinale de pe (tribinale ya kesi ndogo), alete fakitire yake na mashahidi yake. Na kama ile siku zamu (mulinzi) alifunga mulango akasema hautoke mpaka ulipe, pale yeye njo ameingia mu hatari kubwa kuliko wewe: Kode penali kitabu cha 2, artikle ya 67, mwenye anashika mutu ao anamuzuia bila haki, kwa nguvu ao kwa vitisho, ni kifungo cha mwaka 1 mpaka 5. Katiba yenyewe ya tarehe 18 Februari 2006 mu artikle ya 17 inasema uhuru ya mutu njo kawaida, kumufunga njo inakuwa mara moja moja. Jera hana kawaida wala mara moja moja, hana tu.

Batu bananiulizaka tena: na kama aliita polisi? Kupasula kitu bila kutaka haiko infraction (kosa ya jinai). Kode penali inaazibu mwenye anaharibu kitu ya mwenzake kwa ubaya, na kwako hakuna ubaya pale. Kwa hiyo OPJ (polisi mwenye anachunguza makosa) hana kitu ya kukuweka nayo mu kasho, na ile amande transaksionele (ya kulipa ili maneno isifike ku tribinale) yenye banapendaka kukuonyesha iko tu fasi kuko infraction. Wakikuita enda, usikimbie, enda na mutu mukubwa wa familia, eleza vile ilikuwa, na useme hii ni maneno ya sivili, ni kusema deni kati ya batu, haiko ya jinai. Sema ile neno "sivili" na sauti ya kawaida. Mingi sana inaisha pale juu banaona kama uko unajua.

Ulimaliza na mutoto. Kama mutoto wako wa miaka 4 njo aliangusha, wewe na baba yake munajibu, artikle ya 260, wazazi banajibu juu ya batoto badogo benye banaishi nabo. Hapa sheria inakuwa mukali kidogo kwa mama kuliko kwa kesi yako mwenyewe, juu hawatafute kosa yako kwanza, inafikiriwa haukumuchunga, na ni wewe unapashwa kuonyesha kama haikuwezekana kumuzuia. Inawezekana? Ndiyo, mara ingine. Ulikuwa umemushika mukono, na vioo vilipangwa chini kabisa, sentimetre 40, pale pale pembeni ya bonbon. Mutu mwenye anapanga bonbon na kioo fasi moja kwa urefu wa mutoto anatafuta nini. Lakini kama ulimuachia akimbie mu rayo huku unaongea na mama jirani juu ya matanga ya wiki iliyopita, lipa tu, ata mimi sitakutetea sana. Na kama ni yaya yake (kaka ao dada mukubwa) wa miaka 14 njo alimushika, haibadilike, bazazi njo banajibu.

Yote hii nimesema juu ya magazini. Ku soko sheria ni ile ile, artikle ni zile zile, lakini mimi moyo yangu inabadilika na minakuambia wazi. Mama mwenye anauzisha plato 3 za mayai pale soko ya Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, haiko ile inchi), kapitali yake yote iko pale chini ku meza ya mbao, ingine ni makuta ya kukopa ya likelemba (kikundi cha kuchangishana makuta kwa zamu). Ukipita ukagonga meza, ata kama meza ilitoka mu njia, ata kama avoka angekupatia nusu, mimi minasema lipa yote na uombe radhi. Magazini iko na mu inventeri yake mustari ya kase, kila mwisho wa mwezi banahesabu vyenye vilipasuka na vyenye viliibiwa, waliiweka ndani ya bei tangu mwanzo, kwa hiyo wewe na mimi tunailipaka kila siku bila kujua. Mama wa mayai hana mustari ya kase. Hii haiko sheria, ni mimi minaiona vile.

Na cha ajabu bamama ba soko njo banajuaka kuhesabu hasara kuliko bajera. Niliona pale, kijana wa suti anaongea na simu, akakanyaga lifungu ya tomate. Akatoa noti haraka juu ya haya akataka kuenda. Mama akamuita, "papa, ngoja kwanza", akainama, akaokota moja moja, zenye zimepona akazipangusa na kitambaa akazirudisha ku lifungu, zenye zimekufa akaziweka pembeni, zilikuwa 4. Akaomba bei ya 4. Kijana akasema abakize yote, mama akakatala, akamurudishia. Minajiulizaka juu ya nini tunaenda kusomea ile kitu myaka 5 ku UNILU, iniversite yetu ya Lubumbashi.

Kitu ingine ya soko yenye ni nzuri kujua: saa mumekubaliana bei, kitu imeshakuwa yako, ata kama haujatoa makuta. Artikle ya 264, mukisha kusikilizana juu ya kitu na juu ya bei mauzisho imekamilika. Kwa hiyo plato ya mayai yenye umeshapatana, umeinua, ikakuteleza pale pale mbele ya mama, ni mayai yako yameanguka, usianze kugeuka kusema "lakini sijalipa". Mu magazini ya kujihudumia, bile byenye biko mu panye yako bingali bya magazini mpaka kupita kese, kwa hiyo chupa ikitoka mu panye yako ikaanguka tunarudia ku swali ya kosa. Kisha kese ni yako. Isipokuwa kijana wa kufungasha njo aliiangusha wakati anakuwekea mu sashe, pale bakupe ingine, bila hata kugombana. Na ampule yenye muuzishaji mwenyewe alikujaribishia ikaungua ni yake, mara ingine banajaribu kukuwekea ile juu.

Benye magazini benye banasoma, neno moja kwenu na siyo mingi: toeni makarto mu njia. Weka mufanyakazi mwenye anajua kupanga, bitu bya kupasuka bikae ndani ya etajeri yenye iko na kamukingo mbele, na kama stoki ni kubwa, tangu sheria ya 2015 kampuni za asiransi hazikuwa tena SONAS peke yake, muende mukaulize bei. Ni rahisi kuliko kukaa na karte za elekta za bamama mu tiruwari.

Basi mama, fanya hivi. Rudi pale asubuhi wakati hakuna batu mingi, usiende peke yako, enda na mutu mwenye haongeake sana, bwana yako aachie kama yuko na hasira. Ukifika usiende kwa jera kwanza, pita mu ile rayo na upige foto ya ile njia, kama makarto yangali pale (yatakuwa yangali). Angalia kama kuko kamera juu yake. Kisha umuone jera, umusalimie muzuri, na umuambie kama umekuja kukamata karte yako, na juu ya servisi uko tayari kuzungumuza akionyesha fakitire ya vile aliinunua. Usianze na artikle. Zibakishe mu mufuko. Akikatala kurudisha karte, pale unaweza kumuambia polepole kama hakuna sheria yenye inamupa ruhusa kuikamata, na umuulize kama mwenye magazini anajua. Mara mingi mwenye hajui, na jera hataki ajue.

Akikatala tena, enda kwa sefu ya kartie, kama haitoshe kuko biro ya konsiltasio ya bure ya Baro (chama cha baavoka) yetu hapa Lubumbashi, haulipe kitu, avoka anaweza kumuandikia barua moja na mara mingi ile barua inatosha. Kwenda ku tribinale juu ya dola 20 sikushauri, transpor peke itazikula.

Na akikubali, usitoke bila karatasi. Aandike tarehe, aandike "nimepokea dola 20 juu ya servisi moja ya chai yenye ilipasuka, hakuna deni ingine", asaini na aweke jina yake, tampo kama iko, na wewe upige foto pale pale mbele yake. Bile vikombe 4 na bisahani 6, kama mumesikilizana kwa nusu, muachie. Kama aliandika "servisi muzima", uombe bakufungie mu gazeti.